Nikon D750 ya mtumba na wito wa kiwanda: tathmini kwa wapiga picha wa Mbeya, Iringa na jirani

Mpiga picha wa harusi, sendofu na mahafali anayetaka kuhamia kamera yenye sensa kubwa (kipande kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) bila kukopa atakutana na Nikon D750 mapema sana. Ilitoka Septemba 2014 ikiwa na megapikseli 24.3, nafasi mbili za memori kadi za SD, skrini inayoinama na mwili wenye gramu 750 bila betri. Nikon ilileta mrithi wake, D780, Januari 2020, na tangu hapo D750 nyingi zimeingia kwenye soko la mtumba. Kwenye ukumbi wenye taa hafifu bado inafanya kazi ya heshima, na hilo halina ubishi.

Lakini ni kamera iliyotolewa wito na kiwanda zaidi ya mara moja, yaani kiwanda kilitangaza kasoro na kuwaita wenye nazo wazilete zirekebishwe bure, na mtu anayeinunua mkononi Mwanjelwa, Kabwe au Miomboni mara nyingi haambiwi, kwa sababu hata anayemuuzia hajui. Ndiyo maana swali la kwanza mbele ya D750 lisiwe imepiga picha ngapi. Liwe hili: namba yake ya mfululizo imo kwenye wito au haimo, na kama imo, kazi ilishafanyika? Kamera yenye picha 30,000 ambayo shata yake ya asili (mlango unaofunguka na kufunga mbele ya sensa kila ukipiga picha) imo kwenye wito ni ya kuogopa kuliko yenye picha 90,000 iliyokwisha kubadilishwa shata.

Kasoro zilizotangazwa ni mbili na hazihusiani. Ya kwanza ilikubaliwa na Nikon Desemba 2014: ukipiga picha jua au taa kali ikiwa karibu na ukingo wa juu wa fremu, mng'ao unaojitokeza unakuwa na umbo lisilo la kawaida, kama umekatwa kwa rula. Matibabu yake kiwandani ni kukagua na kushughulikia vipande vinavyozuia mwanga, na kurekebisha mkao wa sensa ya fokasi. Ya pili ni nzito zaidi. Julai 2015 ilitangazwa kwamba shata za baadhi ya kamera huenda zisifanye kazi sawasawa, na sehemu ya picha ikatoka na kivuli. Wito huo ulipanuliwa 2016, ukapanuliwa tena 2017, kila mara ukiingiza kamera za miezi mingine ya utengenezaji. Dawa iliyotangazwa ni kubadilishiwa shata bure, hata kama waranti imekwisha.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Ndani ya tundu la kufungia tripodi, chini ya kamera, baadhi ya D750 zina alama ndogo nyeusi. Washa tochi ya simu uchungulie. Alama hiyo inathibitisha kwamba suala la mng'ao lilishashughulikiwa, basi. Haisemi lolote kuhusu shata. Muuzaji akikuonyesha kidoti cheusi na kukuambia "hii ilishapita kiwandani", amekujibu swali moja kati ya mawili, na amelijibu lile jepesi. La shata linajibiwa na namba ya mfululizo peke yake.

Namba hiyo imechapwa kwenye mwili wa kamera. Tazama kitako, na ivute skrini uangalie nyuma yake. Ingia kwenye tovuti ya Nikon, sehemu ya msaada, tafuta taarifa ya huduma ya D750 inayohusu shata, kisha ingiza namba yote bila nafasi. Jibu linatoka hapohapo. Tumia ile taarifa ya mwisho, ya 2017. Kamera iliyoangaliwa 2015 ikaonekana haimo inaweza kabisa kuwa imo kwenye orodha iliyopanuliwa baadaye, kwa hiyo neno la mwenye kamera wa zamani kwamba "niliangalia, iko safi" lisikutoshe.

Usiishie kwenye namba iliyochapwa. Kamera za Nikon huandika namba ya mfululizo ndani ya kila picha pia. Piga picha moja ya JPEG, ihamishie kwenye kompyuta na uisome kwa ExifTool, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti. Tafuta mistari miwili: SerialNumber na ShutterCount. Wa kwanza ulinganishe na ile ya kwenye mwili. Zikitofautiana, mwili umebadilishiwa kifuniko au bodi ya ndani imetoka kwenye kamera nyingine, na kituo cha huduma kitakapofungua kitaliona hilo. Kamera ya namna hiyo usiinunue kwa matumaini ya kubadilishiwa shata bure. Mstari wa pili unakupa idadi ya picha zilizopigwa. Nikon iliijaribu shata ya D750 kwa mizunguko 150,000, nacho ni kipimo cha uimara, si tarehe ya kufa.

Baada ya namba, jaribu kamera yenyewe. Toka nje saa za jua. Hili la kutoka nje lina sababu, na nitalieleza. Weka ISO 400, tundu la lenzi f/5.6, kasi 1/4000, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa D750, na uelekeze ukuta mweupe unaopigwa na jua. Weka kamera kwenye upigaji wa mfululizo wa haraka, ushikilie kitufe hadi upate picha kama arobaini. Rudia kwa 1/2000 ukifunga lenzi hadi f/8, na kwa 1/1000 kwa f/11. Halafu pitia picha zote moja moja, usitazame tatu ukaridhika. Shata inayoanza kuchoka haikosei kila mara. Inaweza kutoa picha thelathini safi na moja yenye kivuli juu au chini.

Sababu ni hii. Shata ya kamera hii ina pazia mbili zinazokimbia wima mbele ya sensa. Kwenye kasi ndogo pazia la kwanza linafunguka lote ndipo la pili linafuata. Kwenye kasi kubwa zinakimbia kwa pamoja zikiacha ufa mwembamba kati yake, na ufa huo ndio unaopitisha mwanga. Kwa 1/4000 ufa ni mwembamba mno, hivyo pazia moja likichelewa kidogo tu, sehemu ya picha inapata mwanga mdogo kuliko nyingine. Kwa 1/60 kuchelewa huko hukuoni. Mtu anayejaribu kamera ndani ya duka kwa kasi ndogo akasema ni nzima hajaijaribu shata.

Ziko dalili mbili zinazofanana na ugonjwa huu na si ugonjwa. Ya kwanza ni flashi. Kasi ya juu ya kwenda na flashi kwenye D750 ni 1/200. Ukitumia flashi isiyo na mpangilio wa kasi kubwa, hasa zile zinazowashwa kwa trigga za bei rahisi, ukapandisha hadi 1/320, utapata ukanda mweusi kwenye picha na kosa ni la mpangilio, si la shata. Ya pili ni taa za ukumbini. Taa za LED na mirija zinawaka na kuzimika kwa kasi isiyoonekana na jicho. Kwa 1/500 au 1/1000 zinaacha mistari ya mwanga na giza inayohama kutoka picha hadi picha. Kumbi nyingi za Mbeya na Iringa sasa zimejaa mapambo ya LED, na kamera nzima kabisa zinapelekwa kwa fundi kwa sababu hiyo. Ndiyo maana ya kujaribu juani: jua haliwaki na kuzimika. Kivuli kikija juani, bila flashi, upande uleule mmoja wa fremu, hapo una haki ya kuilalamikia shata.

Mng'ao unajaribiwa kwa jua la asubuhi au jioni. Weka jua nje kidogo ya ukingo wa juu wa fremu, shusha na kupandisha kamera taratibu ukitazama kwenye skrini ya nyuma. Usichungulie jua kwa jicho kupitia kitundu cha kutazamia, na usiiache lenzi ikilitazama jua kwa muda mrefu. Mng'ao wa kawaida unafifia polepole. Wenye kasoro una mstari ulionyooka juu yake. Kwa anayepiga maharusi wakiwa wameupa mgongo mwanga wa jioni, kasoro hii inaudhi. Kwa anayefanya kazi ukumbini inaweza isimguse maisha yake yote, na kamera kama hiyo, ikiwa shata iko salama, inafaa kununuliwa kwa bei ya kupunguziwa.

Sasa huduma yenyewe. Kwa upande wa maudhui, wito wa D750 tunaupa alama nzuri. Nikon haikudai risiti ya zamani iwe ndiyo msingi wa huduma, ilisimama kwenye namba ya kamera, na iliahidi kazi bure hata waranti ikiwa imekwisha. Kwa kamera iliyopita mikono minne, hilo ndilo la maana kuliko yote. Kilichotukera ni kutangaza kwa awamu. Aliyeangalia mwanzo akaambiwa yuko salama hakuwa na sababu ya kurudi kuangalia tena, na taarifa zenyewe zilikaa kwenye tovuti, kwa Kiingereza, zikimsubiri mtu azitafute. Mpiga picha wa Njombe au Tukuyu asiyefuatilia habari za kamera alibaki gizani na kamera mbovu mkononi.

Njia ya kuifikia huduma kutoka huku ndiyo yenye kazi. Mahali pa kuanza kuuliza kwa eneo letu ni Nikon Middle East, iliyo Dubai. Uliza kwa maandishi kabla ya kufunga mzigo, kwa sababu wito wa zamani hufikia mahali vipuri vikaisha, na huwezi kugundua hilo baada ya kamera kuvuka bahari. Barua iwe fupi na iwe na vitu hivi: modeli, namba ya mfululizo, picha mbili au tatu zenye kasoro zikiwa faili halisi (zilizotumwa WhatsApp zimeshabanwa na kupoteza taarifa zake), na mji uliopo. Kisha uliza: je, huduma ya shata kwa namba hii bado inapokelewa, nani analipa usafiri wa kwenda na wa kurudi, kamera iliyouzwa kwanza nchi nyingine inakubaliwa, na ikikutwa na hitilafu nyingine, watafanya nini kabla ya kukutoza? Swali la tatu usiliruke. Nikon ya Marekani, kwa mfano, inajulikana kwa kukataa kutengeneza kamera zilizoingizwa Marekani nje ya mkondo wake rasmi, na D750 zilizoko Mbeya zimetoka kila pembe ya dunia.

Wakati unasubiri jibu, usimpe fundi aifungue. Mafundi wazuri wapo, na kwa kamera isiyo na wito wanaokoa pesa nyingi. Ila kamera iliyowekewa shata isiyo ya asili, au iliyoguswa skrubu zake, inakipa kituo cha huduma sababu ya kusema hitilafu si ya kiwandani, na hapo ubure umekwenda. Ukimlipa fundi abadilishe shata ambayo kiwanda kingeibadilisha bila malipo, umelipia kitu chako mara mbili.

Kabla ya kufunga mzigo, weka kando vya kubaki navyo. Kwenye menyu ya mipangilio ya D750 kuna sehemu ya kuhifadhi na kurudisha mipangilio kupitia memori kadi. Hifadhi, na kadi ibaki nyumbani. Namba za marekebisho ya fokasi kwa kila lenzi ziandike kwa mkono kwenye karatasi, maana huduma inaweza kurudisha kamera katika hali ya kiwandani. Ondoa lenzi, betri, memori kadi, mkanda na kila kilichofungwa kwenye kishikio cha flashi juu ya kamera. Funika mdomo wa kamera kwa kifuniko chake cha asili, siyo karatasi ya nailoni na mpira, kwa sababu vumbi litakaloingia njiani utaulizwa wewe. Piga picha ya kamera pande zote sita na namba yake ikisomeka.

Betri isiende. Mwili mtupu hauna masharti mengi. Betri ya lithiamu iliyofungwa peke yake ndani ya mzigo wa ndege inaleta maswali na pengine kukataliwa. Funga mwili kwa mfuko wa povu, uweke kwenye boksi dogo, kisha boksi hilo ndani ya kubwa, ukiacha angalau sentimita tano za povu kila upande. Gazeti lililofinyangwa linajikandamiza likifika mlima Kitonga na kamera inabaki ikigonga ukuta wa boksi. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, mzigo utatingishwa.

Kuhusu njia, EMS ya Posta kutoka Mbeya au Iringa ina namba ya kufuatilia mwanzo hadi mwisho, na kwa kitu kinachotoka nje ya nchi tunaiona bora kuliko kuunganisha vipande. Basi kutoka Stendi Kuu ya Mbeya au stendi ya Igumbilo, Iringa, hadi Kituo cha Magufuli kule Mbezi ni la haraka na nafuu, lakini linafaa tu kama Dar kuna mtu wako wa kuupokea na kuukabidhi kwa wakala wa kimataifa. Stakabadhi ya basi ionyeshe kilichomo na thamani yake. Iliyoandikwa "boksi 1" haitakusaidia likipotea.

Forodha ni sehemu wasioizungumzia wengi. Kamera inayotoka kwenda kutengenezwa na kurudi itangazwe hivyo wakati wa kutoka, na karatasi iwe na namba ya mfululizo. Isipokuwa na karatasi hiyo, siku inaporudi afisa hana cha kuitofautisha na kamera mpya iliyoagizwa, na kodi inaweza kukadiriwa kwa thamani yote. Wakala wa kusafirisha anayejua kazi yake atakuandalia. Mwambie kabla, siyo mzigo ukishakwama.

Chagua muda. Novemba na Desemba ni mahafali ya vyuo, na mtu anayetegemea kazi za MUST, Mkwawa au Chuo Kikuu cha Iringa hawezi kukaa bila kamera miezi hiyo. Kwaresma, harusi za makanisani zinapopungua na mvua zikiwa nyingi, ndiyo nafasi nzuri. Azima au kodi kamera nyingine kwanza. Usiahidi wateja kwa tarehe uliyopewa na kituo, iache iwe na nafasi ya kuteleza.

Ikirudi, usiipeleke kazini siku hiyohiyo. Linganisha namba ya mwili na ya ndani ya picha, soma karatasi ya kazi uone imeandikwa shata imebadilishwa au "imekaguliwa" tu, kisha rudia jaribio lote la ukuta na jua. Piga pia anga tupu kwa f/16: shata mpya inaweza kuacha chembe kwenye sensa, na ni vizuri kuziona kabla ya bibi harusi. Weka saa na tarehe, rudisha mipangilio, ingiza namba za fokasi upya. Karatasi ya kazi itunze pamoja na kamera. Siku ya kuiuza ndiyo itakayokupa bei.

Kwa wanaotazama kamera nyingine za mtumba, mambo ni yaleyale kwa sura tofauti. D600 ya 2012 ilitapakaza chembe na mafuta kwenye sensa. Machi 2014 Nikon ilitangaza kuikagua, kuisafisha na kuibadilishia shata bure, na D610 ilikuwa imeshatoka na shata tofauti Oktoba 2013. Tukiulizwa, kati ya hizo mbili chukua D610 ulale. Kwa Canon 5D Mark III, kagua tarakimu ya sita ya namba: ikiwa 1 au 2, ni ya kundi la 2012 ambalo mwanga wa skrini ndogo ya juu ungeweza kubadili kipimo cha mwanga gizani. Kwa Canon 650D tarakimu ya sita ikiwa 1, tazama mpira wa kushikia. Uliokuwa na kasoro uligeuka mweupe kwa sababu ya kemikali iliyozidi, na ungeweza kuwasha ngozi. Kamera ndogo za zamani za miaka ya 2003 hadi 2005, za chapa nyingi, zilikuwa na sensa za CCD za Sony ambazo nyaya zake za ndani ziliachia kwa joto na unyevu. Picha zinatoka za zambarau au nyeusi kabisa. Kwa mtu wa Kyela, kwenye joto na unyevu wa ziwa, hizo si za kununua hata kwa bei ya kutupa.

Betri zina hukumu yake peke yake. Shata mbovu inaharibu picha. Betri mbovu inaweza kuchoma nyumba. Mwaka 2012 Nikon iliziita betri za EN-EL15, aina ileile inayotumika kwenye D750, kwa sababu ya kupata joto na kuvimba. Namba ya nyuma ina herufi na tarakimu 14; ya tisa ikiwa E au F, betri hiyo imo. Iondoe kwenye kamera, usiichaji tena, usiitoboe kujaribu. Usiitume kwa ndege wala kuificha ndani ya mwili wa kamera: betri ya lithiamu iliyotajwa na kiwanda kuwa ni hatari imekatazwa kabisa kwenye ndege, ya abiria na ya mizigo. Ziba ncha zake kwa utepe wa fundi umeme, iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu mbali na jiko na watoto, uandikie kiwanda ukiwa na picha ya namba, na ungoje waseme wanaipokea vipi kwa njia ya ardhini. Ikiwa betri yako haina namba kamili, au maandishi yake yanafutika kwa kucha, ni ya kughushi. Wito haukuhusu, na dawa yake ni kuiacha na kununua ya asili kwa muuzaji anayekupa risiti ya EFD.